Majibu Yetu ya Mwaka Jana Yako Wapi?

Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa Misigiri, wilaya ya Iramba, nikikusanya takwimu za utafiti wa mwaka wa tatu. Kwa asiyepajua, Misigiri ni pale njiapanda kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Ukikata unaelekea Kiomboi, ukinyoosha unashuka mteremko wa Sekenke kwenda Shelui na Igunga. Malori yanasimama, mabasi yanasimama, abiria wanaletewa kuku na mafuta ya alizeti hadi dirishani. Tulikuwa wanne, tuna simu mbili zenye programu ya kukusanya majibu, na tulitaka kujua kwa nini wakulima wengi wa alizeti wanauza mavuno haraka kwa bei ya chini badala ya kusubiri.

Siku ya tatu tulifika kwa mama mmoja mtu mzima. Tukamwamkia, akatupa viti chini ya mti, akatuletea maji ya kunywa. Nikajitambulisha, nikaeleza utafiti, nikasoma ile karatasi ya kuomba ridhaa kama tulivyofundishwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Wanangu, mwaka jana walikuja wenzenu na simu kama hizo hizo. Wakaniuliza nimevuna magunia mangapi, nimemuuzia nani, nimelipwa shilingi ngapi. Nikawajibu yote. Sasa majibu yetu ya mwaka jana yako wapi?"

Nikajibu haraka, kama mtu anayejua anachosema: "Mama, yako kwenye wingu."

Akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu. "Wingu gani tena mwanangu, mbona mvua zilishaisha?"

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini kicheko kilipoisha swali lilikuwa bado limekaa pale pale, na mimi sikuwa na jibu. Akaongeza: "Mimi nilitaka tu kujua wenzangu wa Shelui waliuza bei gani."

Niliporudi chuoni niliamua kuyatafuta hayo majibu. Niligundua kwamba kundi lililotutangulia lilikuwa la idara yetu wenyewe. Ripoti yao ipo, imefungwa jalada zuri, ina muhtasari, ina majedwali manne. Lakini majibu yenyewe, kaya kwa kaya, yalikuwa kwenye akaunti ya mmoja wao aliyeifungua kwa barua pepe ya uanafunzi. Alihitimu, barua pepe ikafungwa. Nenosiri hakuna anayelikumbuka. Nilimpigia simu, akaniambia kwa masikitiko ya kweli: "Dogo, nilidhani ziko salama kwa sababu ziko kwenye wingu."

Naandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo. Siku hizi kila kongamano la chuoni lina mada ya teknolojia ya wingu, na maneno mawili yanaifuata kama kivuli: ubunifu na uendelevu. Mimi si mpinzani wa wingu, na nitaeleza kwa nini. Lakini nadhani tumelielewa neno uendelevu kwa upande mmoja tu. Tunadhani ni habari ya miti na umeme. Uendelevu ni pia swali la kawaida kabisa: kazi uliyoianza itaendelea ukishaondoka? Kwa swali hilo, wanachuo tumefeli, na jumuiya yetu ya wanafunzi inaweza kulirekebisha jambo hili muhula huu huu.

Wingu ni ghala

Tuanze na kuelewana. Wingu halipo angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta zinazowashwa usiku na mchana, yana umeme wa uhakika, yana mitambo ya kupoza joto, yana walinzi mlangoni. Badala ya kununua kompyuta yako kubwa, unakodi sehemu ya kompyuta za mwingine kwa kadiri ya matumizi yako, na unazifikia kwa intaneti. Ukihifadhi picha au ukituma kazi ya darasani mtandaoni, umeiweka kwenye jengo la namna hiyo. Kwetu hapa kuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Kampuni kubwa za kigeni nazo zimejenga karibu zaidi na sisi kuliko zamani: Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

Laiti ningefikiri vizuri pale chini ya mti, nisingesema wingu. Ningesema ghala. Mkulima wa Singida anaijua habari ya ghala kuliko mimi. Tuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu mwaka 2005: unapeleka mazao yako, yanapimwa, unapewa stakabadhi, mazao yanatunzwa na mtu mwingine hadi yauzwe. Na mkulima hakabidhi gunia lake kwa ghala lolote bila kuuliza. Anauliza ghala liko wapi. Ufunguo anao nani? Gharama ni kiasi gani? Na nikitaka mzigo wangu, nitaupataje?

Wingu linataka maswali hayo hayo manne. Sisi tulio chuoni, tunaoandika insha juu ya teknolojia, ndio hatuulizi hata moja. Tunabonyeza "nakubali" na kuendelea.

Faida zipo, na si za kuhadithiwa

Niseme ukweli wa fildi. Siku ya tano simu yetu moja ilianguka pale stendi na kukanyagwa na gurudumu la bajaji. Ikafa pale pale. Zamani, madodoso ya karatasi yangepotea au kulowa, na siku tano za kazi zingekwenda na maji. Lakini programu kama KoboToolbox na ODK zimetengenezwa kwa mazingira kama yetu: unajaza fomu bila mtandao, simu inatunza, ukifika penye mnara unatuma. Sisi tulikuwa tunatuma kila jioni tukirudi barabarani. Kwa hiyo tulipoteza majibu ya asubuhi ile tu. Siku nne zote zilikuwa salama. Wingu lilituokoa, na ningekuwa mtovu wa shukrani nisiposema hivyo.

Faida ya pili ni ya ubunifu. Mwanafunzi aliyetaka kuanzisha mfumo wa kuhudumia watu miaka ishirini iliyopita alihitaji kununua seva, chumba cha kuiweka, kiyoyozi na jenereta ya kukimbilia umeme ukikatika. Leo mwenzetu mwenye kompyuta mpakato iliyochoka na bumu lililobaki anaweza kukodi nafasi ndogo kwenye seva, akajaribu wazo lake, likikubalika akaongeza, likikataa akafunga bila kudaiwa chumba kizima cha mitambo. Hilo limefungua mlango ambao zamani ulikuwa wa kampuni na serikali peke yao.

Faida ya tatu inaonekana katika sekta ambazo wengi wetu tutafanyia kazi. Si mifumo yote ninayoitaja inakaa kwenye wingu la kukodi, mingine iko kwenye seva za wenyewe, lakini kanuni ni moja: taarifa zinakaa mbali, huduma inafika mkononi. Kwenye mazao, Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) linaendesha minada kwa mtandao, mnunuzi anatoa bei akiwa mji mwingine. Msimu wa 2024/2025 korosho nazo zikaingia kwenye mfumo huo. Kwenye mbolea, tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anasajiliwa na kupewa namba ya kununulia kwa bei ya ruzuku. Kwenye nishati, kuna mitambo midogo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Ukilipa, mtambo unafunguka, ukichelewa, unajifunga, na kaya ambayo isingeweza kutoa fedha yote kwa mkupuo inaachana na koroboi. Ndani ya kila mfumo kati ya hiyo kuna kompyuta mahali fulani inayokumbuka nani amelipa, nani amepeleka mzigo, nani anadai.

Faida ya nne ni ya mazingira, na hapa naomba tuwe makini kwa sababu watu wanaisema nusu nusu. Ni kweli kwamba ofisi 50 zikiwa na seva 50 zilizozubaa, kila moja na kiyoyozi chake, zinakula umeme mwingi kuliko zikishirikiana kituo kimoja kinachotumia mashine zake vizuri. Kushirikiana kunapunguza mitambo inayonunuliwa na baadaye kutupwa. Lakini kituo chenyewe nacho kinakula. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia terawati-saa 415 za umeme mwaka 2024, yaani takriban asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba kufikia mwaka 2030 vitafika kama 945. Ili uone ukubwa wake: bwawa letu la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Ungehitaji zaidi ya mabwawa 20 kama hilo, yote yakizalisha kwa uwezo wake kamili mwaka mzima bila kupumzika, kukidhi matumizi hayo ya mwaka 2024.

Kwa hiyo wingu halina usafi wa kuzaliwa nao. Usafi wake unategemea umeme unaoliwasha. Ndiyo maana ile habari ya Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 walipotangaza mpango wa kituo cha data kwa umeme wa jotoardhi wa Olkaria nchini Kenya, ilipaswa kutufanya tuulize: sisi tuna maji, tuna jua, na Singida upepo wake unavuma hadi kofia zinakimbia. Vituo vyetu vitaendeshwa na nini, na wahandisi watakaovijenga wako darasa gani sasa hivi? Hilo ni swali la makala nyingine, naomba mtu wa uhandisi alichukue.

Siku ghala linapofungwa

Sasa turudi kwenye maswali manne ya mkulima, maana historia ya karibuni imetujibu mawili kwa nguvu.

La kwanza, ghala liko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Nakumbuka hosteli nzima ilikuwa koridoni, kila mtu ameinua simu juu kama anaombea mvua. Mwenzangu wa chumba alikuwa na kazi ya kukusanya siku iliyofuata, na kazi yote ilikuwa mtandaoni, hana nakala hata kwenye flashi. Kumbe umbali una maana. Bando unalo, salio unalo, lakini waya uko chini ya bahari na umekatika.

La pili, ufunguo anao nani. Mei 2021 mfumo wa kununua LUKU ulisumbua kwa siku kadhaa, na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Umeme ulikuwepo kwenye nguzo. Kilichokosekana ni zile tarakimu za kufungulia mita. Mfumo ukiwa mmoja na ukiyumba, fundi cherehani wa Misigiri anakaa gizani sawa na mwenye hoteli wa Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja kati yao awezaye kufanya lolote.

Wakenya walilifanyia kazi swali hili. M-Pesa ilipoanza kwao mwaka 2007, seva zake zilikaa Ulaya. Mtu wa Nairobi akimtumia mtu wa Kisumu pesa, taarifa ya muamala inapita Ulaya kwanza. Mwaka 2015 Safaricom ikaihamishia mitambo hiyo Kenya. Huduma ilikuwa inafanya kazi hata kabla ya hapo, hilo tusilikatae. Lakini walifika mahali wakaona kwamba kitu ambacho nchi nzima inakitegemea hakifai kufunguliwa kwa ufunguo ulio mbali hivyo.

Mifano hii ni ya mitambo mikubwa, na wengi watasema haituhusu. Inatuhusu. Tofauti ya LUKU na akaunti ya yule kaka aliyehitimu ni ukubwa tu. Zote mbili ni habari ya ufunguo. Na wakati mfumo wa LUKU ulipoyumba kulikuwa na waziri wa kuulizwa. Majibu ya Misigiri yalipopotea hakukuwa na wa kuulizwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yamepotea.

Madesa yanatunzwa, wakulima hawatunzwi

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kutunza tunajua. Angalia madesa. Desa la takwimu la mwaka wa kwanza limepita mikononi mwa watu wangapi? Lina mwandiko wa watu watano, lina majibu ya mtihani wa miaka sita iliyopita, liko kwenye makundi ya WhatsApp, liko kwenye flashi, liko steshenari pale getini, ukifika unataja jina tu mwenye duka anajua. Hakuna desa lililowahi kupotea chuo hiki kwa sababu mwenyewe amehitimu. Tulilitunza kwa sababu linatusaidia sisi.

Majibu ya wakulima hayakupata bahati hiyo. Yalitusaidia kupata alama, tukayaacha. Mama yule alituacha tukae chini ya mti wake saa nzima, siku ya kupepeta, akatueleza habari za fedha zake, habari ambazo wengine wetu hatuwaelezi hata wazazi. Sisi tukapata shahada. Yeye alitaka kujua bei ya Shelui, na hakuijua.

Mtu atasema: ripoti ipo maktaba, inatosha. Haitoshi. Ripoti ni muhtasari wa mwaka mmoja kama mwandishi mmoja alivyouona. Bei ya alizeti inapanda na kushuka, na hakuna mwanafunzi mmoja anayeweza kukaa Iramba miaka mitano kuifuatilia. Lakini makundi matano yanayofuatana yanaweza. Yakiwekwa mahali pamoja, mwenzetu wa kozi ya kompyuta anaweza kutengeneza kitu kinachomwonyesha mkulima bei zilivyokwenda, mwezi kwa mwezi, kijiji kwa kijiji. Ubunifu tunaouimba kwenye makongamano haudondoki kutoka mbinguni. Unasimama juu ya kazi ya waliotangulia, na sisi kila mwaka tunaichoma kazi hiyo na kuanza upya.

Mwingine atasema: hatari, taarifa za watu zitavuja. Huyu ana hoja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisitumike kwa jambo jingine, zilindwe, na mwenye taarifa awe na haki ya kujua zimefanywa nini. Lakini ukiisoma vizuri utaona kwamba hali tuliyonayo sasa ndiyo iliyo karibu zaidi na kosa. Majina na namba za simu za wakulima viko kwenye akaunti ambayo hakuna anayeweza kuifungua, wala kuisahihisha, wala kuifuta. Kupoteza ufunguo wa ghala hakulifanyi ghala kuwa salama. Na yule mama aliyeuliza majibu yake yako wapi, bila kusoma kifungu chochote, alikuwa anadai haki yake.

Wa tatu atasema: fedha ziko wapi? Hapa naomba wale wa jumuiya wanisikilize. Majibu ya kaya zote tulizozihoji Misigiri, maswali yote, ni jedwali la maandishi. Ni jepesi kuliko picha moja uliyopiga kwa simu kwenye mahafali. Tafiti zote za idara yetu za miaka mitano zikiwa majedwali ya namna hiyo zinaingia kwenye flashi moja na nafasi inabaki. Gharama ya kuhifadhi si kikwazo. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa kazi hiyo.

Ninachopendekeza

Mapendekezo yangu ni manne, na yote yanaweza kuanza kabla ya wenzetu wa mwaka wa pili hawajaenda fildi.

Kwanza, takwimu za utafiti ziwe kwenye akaunti ya idara, si ya mtu. Ufunguo uwe kwa watu wawili, mmoja mtumishi wa idara, mwingine katibu wa taaluma wa jumuiya yetu. Viongozi wa jumuiya wanapokabidhiana ofisi wanakabidhiana muhuri na daftari la hesabu. Wakabidhiane na ufunguo huu, kwa maandishi, na mpokeaji aufungue mbele ya mashahidi kuhakikisha unafanya kazi.

Pili, kabla jedwali halijawekwa ghalani, majina na namba za simu viondolewe, na karatasi ya ridhaa iseme wazi kwamba majibu yatatunzwa, wapi, na nani atayaona. Mkulima akikataa, aheshimiwe.

Tatu, tuwe na maghala mawili. Nakala moja mtandaoni, nyingine kwenye diski iliyofungiwa kabatini chuoni. Siku waya wa baharini ukikatika tena, au kampuni ikabadilisha masharti, au mtu akakosea akafuta, tutakuwa na pa kuanzia. Wazee wetu hawakuweka mbegu zote kwenye kihenge kimoja.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa, tulipe deni. Kila kundi likimaliza liandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, bila majedwali ya kutisha: tuliuliza nini, tumekuta nini, bei zilikuwaje. Ukurasa huo upelekwe ofisi ya kijiji na kwa afisa ugani, ubandikwe, na mtendaji aombwe ausome kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Msimamizi asisaini ripoti ya mwisho mpaka aone nakala ya ukurasa huo. Tunafundishwa kumalizia ripoti kwa mapendekezo kwa serikali, kwa wizara, kwa wadau. Mtu tuliyemuuliza maswali naye ni mdau, na pengine ni wa kwanza.

Nakiri kosa langu pia. Siku tunaondoka kwenda Misigiri, akaunti ya utafiti wetu niliifungua mimi, kwa barua pepe yangu ya uanafunzi, usiku, haraka haraka, bila kufikiri. Nilikuwa nafanya kosa lile lile la kaka aliyetutangulia, na kama mama yule asingeuliza nisingelijua mpaka leo. Tangu hapo nimeyatoa majibu yale, nimeondoa majina, nimemkabidhi msimamizi nakala moja, nyingine ninayo. Ukurasa wa Kiswahili tumeuandika wanne wote, tukabishana siku mbili juu ya neno moja, tukaupeleka kwa basi. Dereva alimpa mtu wa stendi, mtu wa stendi akaupeleka ofisini. Mtendaji alinipigia kusema umefika. Sijui kama mama ameuona.

Nimebakiza muhula mmoja. Barua pepe yangu itafungwa kama ilivyofungwa ya mwenzangu, na hilo ni sawa, chuo hakiwezi kututunza milele. Lakini mwezi wa saba wenzetu wengine watashuka Misigiri na simu mkononi. Watamwamkia yule mama, atawapa viti na maji, na ninamjua, atawauliza swali lake. Naomba jumuiya ihakikishe kwamba safari hii wanaenda na jibu, na bei ya Shelui.